Beseni Nalo ni Maabara

Wenzangu wengi husema ya kuwa hatuwezi kujifunza fizikia sawasawa mpaka shule ipate vyombo vingi. Kweli vyombo vyahitajika, lakini sikubali kwamba tukae bure tukivingoja. Kila mwaka wengine wetu huliacha somo hili wamalizapo Kidato cha Pili, wakidhani ni maneno ya ubaoni tu. Hasara hiyo ni kubwa, na beseni la maji laweza kuipunguza.

Nyunyiza pilipili manga iliyosagwa juu ya maji yaliyotulia. Punje zikiwa chache huelea huku na huko. Ongeza mpaka zifunike uso wote, kisha zisukume polepole kwa ukingo wa rula. Zikisongamana, utando ule hugoma. Ukizidi kusukuma, hukunjamana kama nguo. Tia tone la sabuni, nao hupasuka nyufa. Chini ni maji, na hakuna gundi kati ya punje na punje, hata hivyo zote pamoja zimekuwa kama kitu kigumu! Mwaka 2004 wataalamu Vella, Aussillous na Mahadevan waliandika juu ya tando za namna hii. Elimu ya jinsi vitu vinavyotiririka na kubadilika umbo huitwa reolojia.

Wala jambo hili si mchezo. Pickering alieleza mwaka 1907 kuwa punje ndogo zikilizunguka tone la mafuta ndani ya maji huwa kama ukuta, matone yasiungane. Kwa sababu hiyo mafuta ghafi yaliyochanganyika na maji na udongo huwa kazi kuyatenga.

Labda mtu atauliza, ni nani aliyepata elimu kwa beseni? Yuko Agnes Pockels wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1862. Siku zile wanawake hawakupokewa katika vyuo vikuu vya kwao, naye alishughulika na kazi za nyumbani. Hukohuko jikoni alitengeneza chombo cha bati chenye ukanda wa kusogeza juu ya maji, akapima nguvu ya uso wa maji kwa kifungo na mizani. Mwaka 1891 Lord Rayleigh wa Uingereza aliipeleka barua yake kwa jarida la Nature, ikachapwa. Mwaka 1932 chuo cha ufundi cha Braunschweig kilimpa shahada ya heshima ya udaktari.

Lakini tuangalie vema: mama huyu hakutazama tu, alipima na kuandika. Beseni bila daftari ni la kunawia.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu watupe kipindi kimoja kila juma cha majaribio ya vitu vya kawaida, wavulana na wasichana sawasawa. Nanyi wazazi, mkimwona mtoto likizoni akinyunyiza pilipili majini, msimgombeze upesi. Mwulizeni kwanza amepima nini.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne