Kuhifadhi Jibu Si Kuelewa

Mwanafunzi wa Njombe na mwenziwe wa Pemba hawajuani, lakini wafikapo Kidato cha Nne huikalia mitihani ile ile ya Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa mwaka 1973. Kwa hiyo maradhi ya mmoja ni maradhi ya wote. Maradhi yenyewe ni vijitabu vya maswali na majibu, ambavyo vijana huvihifadhi badala ya kuvisoma vitabu vyenyewe.

Tuchukue mfano mmoja. Kijana akiulizwa habari za Kinjeketile katika somo la Historia, hujibu kwa tamthilia ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Kumbe mwandishi mwenyewe alikwisha kutahadharisha kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa bado vichanga. Yule wa jukwaani amepewa mashaka ya moyoni ili atufikirishe juu ya uongozi na imani. Wote wawili wana faida, ila kila mmoja kwa somo lake.

Huko Njombe hasara ni kubwa zaidi, kwani historia iko mlangoni. Septemba 1905 wapiganaji wa Kibena, wakiongozwa na Mbeyela, waliishambulia misheni ya Yakobi. Kijana wa Makambako aliyehifadhi majina ya Matumbi na Rufiji peke yake hajui kwamba vita hivyo vilifika kwao.

Hatudharau kuhifadhi. Sisi tuliolelewa chuoni tulianza kwa kuhifadhi, kisha tukadaiwa maana. Kuhifadhi ni mlango. Asiyeingia ndani hajaijua nyumba.

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walitumwa vijijini kuwauliza wazee walioviona vita hivyo. Mashahidi hao wametangulia mbele ya haki, lakini wajukuu waliosimuliwa wapo. Basi watunga mitihani na waulize zaidi sababu kuliko tarehe. Wakuu wa elimu, Bara na Visiwani, wahakikishe vitabu vyenyewe vimo shuleni. Na walimu wawatume vijana kwa wazee, kalamu mkononi. Taifa linalorithisha majibu matupu litakosa watu wa kuuliza siku litakapokabiliwa na swali jipya.