Nani Amempa Shetani Ufalme wa Kuzimu?



Juma lililopita niliwatembelea watoto wetu wa Kipaimara nikawauliza swali jepesi: nani anatawala kuzimu? Darasa zima likajibu kwa sauti moja: "Shetani!" Nikauliza wamelipata wapi jibu hilo. Mmoja akasema ameona kwenye sinema. Mwingine akasema mhubiri wa mtaani kwao hutangaza hivyo kila usiku kwa kipaza sauti. Hakuna aliyetaja Biblia, wala Kanuni ya Imani ambayo wote wameikariri bila kukosea.

Ningecheka, kama nisingemfahamu mama mmoja wa hapa Mabibo. Mwanawe alifariki kwa ajali ya pikipiki, nasi tukamzika kwa heshima zote za Kanisa. Haikupita miezi miwili, mtu anayejiita mtumishi wa Mungu akamwambia kwamba kijana hakufa: amechukuliwa msukule, yuko kuzimu anamtumikia Shetani, na kwa sadaka nono angeweza kurudishwa. Mama akauza friji aliyokuwa akiuzia barafu, kisha cherehani. Kijana hakurudi. Nilipokwenda kumwona aliniuliza jambo moja tu: "Baba, bado wanamtesa?" Naye alikuwa ameacha kumwombea Misa, maana aliambiwa asiyekufa haombewi kama marehemu.

Kwa ajili ya mama huyo, leo nasema bila kumung'unya maneno: huyo mfalme wa kuzimu tunayeogopeshwa naye hayumo katika imani yetu.

Tuanze na sinema. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba ndugu watatu, Zeus, Poseidon na Hades, walipiga kura kugawana ulimwengu. Zeus akapata mbingu, Poseidon bahari, na Hades nchi ya wafu. Hades wa masimulizi hayo si malaika mwasi aliyetupwa kutoka mbinguni, wala si mshawishi wa dhambi. Ni mfalme mkali asiyependa kuachia kilichokwisha kuingia mikononi mwake. Alimteka Persephone, binti wa Demeter. Na kwa kuwa binti huyo alionja komamanga huko chini, alilazimika kurudi kwa sehemu ya kila mwaka. Wafu walivushwa mto na mzee Charon, kwa ujira wa sarafu moja ndogo iliyowekwa kinywani mwa marehemu.

Hizo ni hadithi za wapagani, na hatuziamini. Lakini hata wapagani hao wangemshangaa Hades wa siku hizi. Katuni ya Hercules ya kampuni ya Disney, ya mwaka 1997, ilimpa moto kichwani na hila za ibilisi. Filamu ya Clash of the Titans ya mwaka 2010 ikamfanya mla njama anayepata nguvu kutokana na hofu ya wanadamu. Watunzi walichukua jina la Kigiriki wakalivika joho la Shetani, nasi katika vibanda vya video tukalipokea kana kwamba ni katekesi.

Na Maandiko? Wayahudi walipoanza kutafsiri vitabu vyao kwa Kigiriki, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, walitumia neno Hades kwa Sheoli ya Kiebrania, yaani makao ya wafu. Kiswahili chetu kikasema kuzimu, neno lenye undugu na mzimu. Jehanamu ni neno jingine, lenye maana nyingine. Katekisimu, namba 633, inaeleza waziwazi kwamba kuzimu aliposhukia Bwana ni makao hayo ya wafu, na kwamba alikwenda kuwaokoa wenye haki waliotangulia.

Mtaniuliza: je, yule tajiri wa Luka 16, si alikuwa kuzimu katika mateso? Ndiyo, alikuwa. Lakini someni tena mkimtafuta Shetani katika habari ile. Hayumo. Wanaozungumza ni tajiri na Ibrahimu. Katika kitabu cha Ayubu, Shetani anazungukazunguka duniani. Katika waraka wa kwanza wa Petro, ananguruma kama simba akitafuta wa kummeza. Katika Ufunuo 20 anatupwa katika ziwa la moto, kama mhukumiwa. Hakuna mahali anapoketi kwenye kiti cha enzi akiwatawala wafu. Kinyume chake, katika Ufunuo 1:18, mwenye funguo za mauti na kuzimu ni Kristo Mfufuka.

Hata wazee wetu hawakumpa ibilisi ufalme huo. Wachaga husimulia habari za msichana Marwe, ambayo Alice Werner aliiweka katika kitabu chake cha hadithi za Wabantu cha mwaka 1933. Marwe alijitupa katika kidimbwi akafika nchi ya wafu. Alipokelewa na bibi kizee, akakaa kwake, na alipotamani nyumbani bibi akamrudisha akiwa amejaa mapambo. Wazee wale hawakuwa wamehubiriwa Injili, lakini walijua kwamba wafu wana heshima yao.

Sisi tuliohubiriwa tumefikaje mahali pa kuwanunua wafu wetu? Hapa mjini mnawajua matapeli wanaouza viwanja visivyo vyao. Basi anayekutoza fedha ili amtoe mwanao kuzimu anauza kiwanja cha Kristo, kwa hati aliyoandikiwa na Shetani. Charon wa Wagiriki angalau aliridhika na sarafu moja, na hakumdanganya mama yeyote kwamba angemrudishia mtoto.

Simkani Shetani. Yupo, ni mwongo, na huu ndio uongo wake mtamu kuliko wote: kutuaminisha kwamba marehemu wetu wako mikononi mwake. Tukimwamini, tunaacha kuwaombea na tunaanza kuwagombolea. Marehemu wetu wako mikononi mwa Mungu, na walioko toharani wanasubiri sala zetu.

Mwezi huu wa Novemba, yule mama amekubali tumwandikie mwanawe nia ya Misa. Bahasha yake ni tupu, nami nimemwambia iko sawa. Jumuiya yake imeanza kuchanga apate cherehani nyingine. Mwenye kuguswa asisite. Na Dominika hii, mtakapofika katika Kanuni ya Imani mahali tunapokiri kwamba Kristo alishukia kuzimu, msipite haraka. Tamkeni kwa sauti, watoto wenu wasikie.

Nawatakieni Dominika njema.

Paroko wenu