Daktari wa Simu Naye Afunzwe

Wasee, kuna kitu tumekubali kimya kimya. Unaumwa, unaingia kwa programu, unalipa na M-Pesa, daktari anatokea kwa skrini. Dakika chache, dawa zimeandikwa, kwaheri. Poa. Lakini ushawahi kuuliza huyo daktari alifunzwa wapi kutibu mtu asiyeweza kumgusa?

Anasoma chuo miaka 6, kisha mwaka mmoja wa unagenzi. Huko kote anafunzwa kubonyeza tumbo, kusikiza kifua, kuangalia koo. Mikono, mikono, mikono. Halafu siku moja anapewa skrini, ati endelea.

Kuna wazee wa taaluma watasema mwanagenzi akae wodini, mambo ya simu ni uvivu. Uvivu gani? Chukua mtoto wa miezi 8 anayekohoa. Mama yuko kijijini Turkana, daktari yuko Nairobi. Daktari asiyejua kazi atauliza, "Ana homa?" kisha aandike dawa. Anayejua atamwambia mama amfunue mtoto kifua, aketi penye mwanga, aweke simu pahali haitingishiki. Kisha anahesabu pumzi dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya nimonia. Akiwa na mwaka 1 hadi 5, ni 40. Chini ya kifua kunaingia ndani akivuta pumzi? Ananyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Na video ikianza kukwama kwama, hiyo hesabu si hesabu tena: kata simu, mtoto apelekwe hospitali sasa hivi. Kujua wakati wa kukata simu ni kazi ngumu, na haiji yenyewe tu kwa sababu umezaliwa na TikTok mkononi.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi wanagenzi wajazwe kwa chumba na vipokea sauti masikioni, kila mmoja peke yake na foleni ya wagonjwa 60. Hii ndiyo naogopa. Hii serikali ndiyo ilitaka kuwalipa 70,000 kwa mwezi badala ya 206,400 za mkataba wa 2017, mpaka madaktari wakagoma siku 56 mwaka 2024. Mkiipa simu, mnadhani itaona darasa? Itaona kazi ya bei rahisi.

Kufunza ni hivi: daktari mkuu yuko kwa hiyo laini, anasikiza, anaingilia kukiwa na shida. Mgonjwa ameambiwa kuna watu wawili na anaweza kukataa. Simu ikiisha, wawili wanabaki kuzungumza: mbona hukuuliza kuhusu mkojo? Mbona umeandika antibayotiki? Na data ilipwe na hospitali, si mfuko wa mwanagenzi.

Tuna Sheria ya Afya ya Kidijitali tangu 2023, sawa, lakini sheria haimfunzi mtu kuhesabu pumzi.

Kwa hivyo ukipiga na sauti changa ikajibu, usikasirike. Uliza tu: "Daktari, nani anakusimamia leo?" Una haki ya kulijua hilo jina kabla ya kumfunua mtoto wako kifua mbele ya kamera.