Wanasema Nadeka

Nilipojifungua mtoto wangu wa pili nilipewa ganzi ya epidura. Daktari wa usingizi alinidunga kiunoni, kati ya pingili za mgongo, akapitisha mrija mwembamba, na dawa ikawa inaingia kidogo kidogo. Uchungu ukatulia. Nalisema hili mapema, nisije nikadhaniwa naipiga vita ganzi.

Kesho yake nilipoketi kumnyonyesha mtoto, kichwa kikaniuma kama kinapasuka. Nikilala kinapoa, nikiinuka kinarudi. Nikamwambia muuguzi. Akanijibu, "Mama, acha kudeka. Uchungu wenyewe hukuusikia, sasa kichwa tu kinakuliza?"

Siku tatu nilinyonyesha nimelala. Siku ya nne daktari mwingine aliniuliza swali moja tu: "Ukilala kinapungua?" Akajua. Sindano ilikuwa imetoboa utando unaozunguka uti wa mgongo, na maji yake yalikuwa yanavuja. Ajali hii humpata kama mama mmoja kati ya 100, na zaidi ya nusu yao huumwa kichwa. Tiba yake si ngeni: mwaka 1960 daktari James Gormley wa Marekani alieleza namna ya kuziba tundu hilo kwa damu ya mgonjwa mwenyewe. Nilichotwa mililita 20 mkononi, nikadungwa mgongoni. Jioni niliketi.

Basi kosa liko wapi? Si kutoboa; hata mkono hodari hutoboa. Kosa ni kunyamaza kabla na kudharau baadaye. Wapo wanaosema kwamba mama akiambiwa ataogopa. Siukubali utetezi huo. Aliyeambiwa ataitambua dalili. Asiyeambiwa atadhani amerogwa.

Tena kwangu ilikuwa kichwa. Kwa mwenzangu yaweza kuwa miguu. Ganzi inayozidi badala ya kuisha huenda ni damu iliyovujia ndani na kuubana uti wa mgongo. Hapo kinachohesabiwa ni saa, si siku; akicheleweshwa, mtu hupooza. Homa pamoja na maumivu makali ya mgongo huenda ni usaha. Je, huyo naye ataambiwa aache kudeka?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikilalia. Ninachodai hakina gharama: mgonjwa aelezwe kabla ya kudungwa, na akilalamika, aulizwe.