Sijambo Yenye Mambo



Katika salamu zetu kuna neno dogo ambalo naona linatuponyoka, nalo ni "ila". Wazee walionilea, walipoulizwa habari za nyumbani, walijibu kwanza, "Njema," kisha wakaongeza, "ila mtoto hajambo kidogo tu," au "ila mvua zimetukimbia." Ile "njema" ilikuwa adabu, ukweli ulifuata baada ya "ila". Siku hizi twaishia kwenye adabu. Pengine twaliogopa neno hilo kwa kuwa ila ni dosari pia.

Nami ni miongoni mwa wakosaji. Nilifundisha sekondari kwa zaidi ya miaka 30. Chaki na ubao havikunichosha kama kazi isiyoandikwa katika ratiba: mwanafunzi aliyefukuziwa karo, msichana aliyenyamaza ghafla darasani, mama yangu aliyeugua kijijini, na hesabu za mshahara zilizojirudia kichwani hata nilipokuwa nikisahihisha insha. Kila asubuhi mwalimu mwenzangu aliniuliza, "Hujambo?" Nikajibu, "Sijambo," yaani sina jambo. Mambo nilikuwa nayo, tena tele. Nilipostaafu nililala wiki nzima, nikaamka nimechoka vilevile. Mke wangu akasema, "Mwalimu, huo si uchovu wa mwili."

Nimefundisha mara nyingi kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali hiyo naiheshimu bado, lakini kosa langu lilikuwa kudhani kuwa kuvumilia ni kunyamaza. Lugha yetu haikutufunza hivyo. Mwanamke atokaye kuchanja kuni, afikapo uani na mzigo kichwani, humwambia aliye karibu, "Nitue." Hakuna amwonaye dhaifu kwa kuomba hivyo. Tofauti ni kwamba mzigo wa kuni huonekana, na mzigo wa fikira hauonekani mpaka mwenyewe aseme. "Ila" ndiyo "nitue" ya mwenye mzigo huo.

Mwenzangu yule sasa ni marehemu. Nami nilimuuliza kila asubuhi, naye akajibu, "Sijambo," nikashika chaki zangu nikaenda darasani. Sikuwahi kungoja neno la pili.

Basi, tuirudishe "ila" katika salamu na katika tungo zetu. Na wewe uulizaye, usiondoke upesi.