Jina na Kaswida Navyo ni Mali ya Watu

 

Ndugu wasomaji, vijana wetu wa Nyamisangura na mji wa Tarime kwa jumla wanazidi kuingia katika kazi ya picha. Wapo wanaopiga picha za harusi na akika, na wapo wanaotengeneza video za maulidi na mahafali ya madrasa. Ni riziki njema kwa anayechunga mipaka yake, nasi tunawaombea baraka. Lakini kabla hajapata hata mteja wa kwanza, kijana huyu huamua mambo mawili ambayo huyaona madogo: jina la biashara yake, na sauti atakayoiweka katika video zake. Jina huliazima kwa studio fulani inayosifika Mwanza au Dar es Salaam, akaongeza neno "Tarime" mwishoni. Sauti huipakua katika simu usiku mmoja. Wiki hii tunayatazama mambo haya mawili pamoja, kwa kuwa yote yanatuuliza swali moja: hiki ni cha nani?

Masheikh wana mjadala mrefu kuhusu ala za muziki, na safu hii si mahali pa kuumaliza. Ila ieleweke kwamba anayeacha ala zote akatumia kaswida ya sauti tupu hajalikwepa swali letu. Kaswida ina mtunzi, ina waimbaji, na ina aliyegharamia kuirekodi. Hata kisomo cha Qur'ani ni vivyo hivyo: maneno ya Allah hayamilikiwi na kiumbe, lakini rekodi ya msomaji fulani ni kazi ya mikono ya watu.

Wanazuoni wa zama zetu hawakulinyamazia jambo hili. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya jumuiya ya OIC, lilikutana Kuwait mwezi Desemba 1988, sawa na Jumadal Ula 1409. Katika azimio lake namba 43 liliyataja mahali pamoja jina la biashara, alama ya biashara, utunzi na uvumbuzi. Likaamua kwamba hizi ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali katika zama zetu, sharia inazitambua, na haijuzu kuzivamia. Kwa hiyo, makatazo ya kula mali za watu kwa batili, tunayoyasoma katika Suratun-Nisaa aya ya 29, yanaufikia pia wimbo na bango la dukani.

Sisi watu wa Tarime tunaulewa mfano huu upesi. Ng'ombe akionekana malishoni bila mchungaji, hakuna mzee atakayesema hana mwenyewe. Wimbo uliowekwa mtandaoni ni kama ng'ombe huyo: kuonekana na watu wote hakuufanyi kuwa wa watu wote.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Inawalinda pia waimbaji na watayarishaji wa rekodi. Kwa Tanzania Bara msimamizi ni Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Kwa Zanzibar ni COSOZA. Wala asijidanganye mtu kwamba kaswida ya Mombasa, kwa kuwa imetoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, haina mwenyewe huku. Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne, ambao kila nchi mwanachama huzilinda kazi za raia wa nchi nyingine wanachama.

Wasanii wetu wamekwisha kuyafikisha haya mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliiamuru kampuni moja kubwa ya simu iwalipe wasanii AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa yao. Shauri hilo liliendelea kupiganiwa katika ngazi za juu, lakini somo lake halikufichika: wimbo ni mali inayoweza kudaiwa kortini.

Vijana hutoa nyudhuru tatu. Wa kwanza husema ametumia sekunde chache tu. Hakuna kipimo cha sekunde kinachohalalisha. Wa pili husema amemtaja mwimbaji; kumtaja mwenye mali si kumwomba ruhusa. Wa tatu husema hakuuza wimbo, ameuza video. Lakini mteja amelipia video pamoja na sauti yake. Na mitandao kama YouTube ina mfumo wa kuitambua sauti: video yaweza kufungwa, kunyamazishwa, au mapato yake yakaenda kwa mwenye wimbo. Fikirini familia inayotaka kumwonyesha bibi harusi ya mjukuu wake, ikaikuta haifunguki.

Njia ya halali si ngumu. Kuna vikundi vya kaswida katika madrasa zetu. Kikundi kiendewe, bei ielewane, na makubaliano yaandikwe: kaswida gani, kwa kazi gani, kwa muda gani. Kwa rekodi iliyokwisha kutolewa, ruhusa iombwe pande mbili, kwa mtunzi na kwa mwenye rekodi, maana mara nyingi ni watu tofauti. Zipo pia sauti ambazo wenyewe wameziruhusu zitumike, bure au kwa malipo. Masharti yao yasomwe na yatimizwe. Na pale inapowezekana, sauti za harusi yenyewe, dua ya sheikh na vigelegele vya akina mama, zinatosha kuwa pambo.

Tuje kwenye jina. Anayefanya biashara kwa jina lisilo lake halisi hupaswa kulisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Siku hizi maombi hufanywa kwa mtandao, kwa namba ya kitambulisho cha Taifa. Kabla ya kuchora bango, kijana atafute kwanza humo kama jina limekwisha kuchukuliwa, kwani jina linalofanana na la mwingine laweza kukataliwa. Ajue pia kwamba kusajili jina ni jambo moja na kusajili alama ya biashara ni jingine. Jina huwa halijakaliwa katika orodha ya majina, kumbe ni alama ya mtu anayelindwa kwa sheria nyingine. Vilevile usajili wa jina si leseni: namba ya mlipakodi hutoka TRA, na leseni ya biashara ndogo hutafutwa Halmashauri ya Mji.

Tunaongeza nasaha moja. Wengi hupenda majina kama Amana, Taqwa au Ikhlas. Ni majina mazuri, lakini ni ahadi. Mteja akisoma "Amana" mlangoni, huacha picha za mke wake na binti zake kwa kuliamini neno hilo. Basi ruhusa ya kuzibandika mtandaoni nayo iandikwe katika mkataba, kama Suratul-Baqara aya ya 282 inavyotufundisha kuandika mikopo yetu.

Mpiga picha asiione sheria hii kuwa adui yake, kwani picha yake nayo ni kazi inayolindwa. Siku mwingine atakapoichukua, akakata jina lake pembeni na kuipamba kwayo biashara yake, atataka haki atendewe. Ataidai kwa uso gani, ilhali bango lake ni la kuazima na sauti ya video zake ni ya kuchukua?

Wazazi, mnapowapa vijana mtaji wa kamera, waulizeni pia: jina hili umelisajili? Sauti hii umeruhusiwa? Maswali hayo mawili ni sehemu ya mtaji.

Allah azibariki biashara za vijana wetu na azitakase na haki za watu. Wabillahi tawfiq.