Maharage, Hewa ya Tumbo na Mafuta ya Damu

Ni nadra kumpata mwanafunzi wa bweni asiyewahi kuyalaumu maharage. Jioni ugali na maharage, usiku matumbo hunguruma, asubuhi mpishi huwa mshtakiwa. Hata hivyo, kosa lenyewe halijathibitishwa.

Maharage, choroko na dengu zina sukari ambazo utumbo mwembamba wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Sukari hizo, pamoja na nyuzinyuzi na sehemu ya wanga, huteremka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huzichachusha. Hapo ndipo hutokea haidrojeni, kabonidayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani. Lakini uchachushaji huohuo huzaa pia asidi za asetiki, propioniki na butiriki; hii ya mwisho ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Tena, nyuzinyuzi zinazoyeyuka hunasa asidi za nyongo na kutoka nazo chooni, na ini hulazimika kuchota kolesteroli katika damu ili litengeneze nyongo nyingine. Majaribio yaliyojumlishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba gramu 130 hivi za jamii ya kunde kila siku hupunguza kolesteroli mbaya kwa karibu asilimia 5.

Isidhaniwe kwamba hewa ndiyo isafishayo damu. Hewa ni kama moshi wa jiko: haupiki chakula, bali huonyesha kwamba moto unawaka.

Jambo hili lina uzito wake Bugarama, wilayani Kahama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Wasukuma wamerithi vyakula vinavyowalisha vema bakteria hao: ugali wa mtama, mlenda, choroko, michembe na matobolwa. Palipo na fedha ya dhahabu, sembe nyeupe, chipsi na soda haviko mbali, na kijana huanza kuona haya kukutwa na matobolwa mfukoni. Haya hiyo ina gharama. Katika uchunguzi wa vijana wanaume 77 mkoani Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2025, walioacha vyakula vya asili na kula vya kizungu kwa majuma mawili tu walionekana kuwa na viashiria zaidi vya uvimbe wa ndani katika damu. Waliorudishwa kwenye vyakula vya asili walipata nafuu.

Basi shule isiyafute maharage katika ratiba yake. Iyaloweke usiku kucha, iyamwage maji yale, iyapike yaive kabisa. Na asiyeyazoea aanze kidogo kidogo, kwani tumbo huzoea. Mwalimu wa biolojia angefanya vema kuingia jikoni siku moja na darasa lake. Maumivu makali, kukonda au damu chooni ni habari nyingine: huyo apelekwe zahanati, asipewe somo la nyuzinyuzi.